Gari la Marehemu Linakohoa

Kwa msomaji aliyepitwa, ngoja nimsogezee kiti kwanza, ndipo twende pamoja.

Mimi ni mjane, na kazi yangu ni kuoka keki za harusi. Marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, aliniachia gari lake dogo la rangi ya maziwa. Sasa keki ya harusi haivumilii joto. Sukari ya juu inalainika, maua yanaanza kuteleza moja moja kama watu wanaoaga msibani. Kwa hiyo nikibeba keki nawasha kiyoyozi. Na kila nikiwasha kiyoyozi, gari linakohoa.

Sisemi linanguruma, sisemi linakwaruza. Linakohoa. Kwehe-kwehe-kwehe, kimya kidogo, kwehe. Sawasawa na alivyokuwa akikohoa marehemu.

Mara ya mwisho niliwaachia pale kwenye foleni ya magari, wifi yangu, dada wa marehemu, alipofungua mlango akateremka na keki ya watu mikononi, akisema hawezi kukaa ndani ya gari ambamo kaka yake anaumwa.

Nashikia hapo hapo.

"Wifi, rudi ndani. Keki inayeyuka."

"Na kaka yangu je?"

"Kaka yako tulimzika. Wewe ndiye uliyebeba shada."

"Tulizika mwili. Kifua chake kimebaki humo."

Dereva wa nyuma yangu akapiga honi, kisha akatoa kichwa dirishani. "Kina mama, hiyo keki inauzwa au mnaitembeza ipunge upepo?"

"Wewe endesha gari lako," wifi akamjibu. "Lako halina mtu ndani."

"Lina mke wangu."

"Basi msikilize huyo."

Nikazima kiyoyozi. Kikohozi kikakatika hapo hapo. Wifi akapanda, akaweka keki vizuri mapajani, akanitazama kama askari aliyemkamata mtu na mzigo.

"Umeona? Marehemu alikataza kiyoyozi. Ukiwasha unamkera, anakohoa. Ukizima anapumzika. Unataka ushahidi gani tena?"

Niliahidi toka sehemu ya kwanza kuwaambia yote, hata yanayonivua nguo. Basi nawaambia: hata mimi niliona ana hoja.

Ni kweli mume wangu alikataza. Alikuwa akishusha vioo vyote na kusema hewa ya Mungu haina swichi. Katika maisha yetu yote sikumwona akigusa kile kidude hata kwa kupangusa vumbi. Nilikiwasha mimi, baada ya arobaini, siku nilipobeba keki yangu ya kwanza. Na siku ile ile ndipo gari lilipoanza kukohoa.

Tulifika ukumbini keki imelala upande mmoja. Nikaigeuza, upande uliolala ukatazama ukuta. Bwana harusi akaja, akainamisha kichwa, akasema imekaa kisasa.

Nikashukuru Mungu, nikaondoka haraka kabla hajaizunguka.

* * *

Sijamaliza hata kuosha trei, habari ilikwisha kuenea ukoo mzima. Jioni shemeji yangu mkubwa akabisha hodi, wifi nyuma yake.

Huyu shemeji tunamwita Mwenyekiti. Hajawahi kuchaguliwa na mtu yeyote. Ila akikaa mahali, hata kama watu wanakunywa chai tu, panageuka kikao.

"Shemeji," akaanza, "kuna hoja imeletwa mezani."

"Mezani kuna chai, shemeji. Karibu."

"Hoja yenyewe ni kwamba gari la marehemu linalalamika."

"Halilalamiki," wifi akasema. "Linaumwa."

"Marekebisho yamepokelewa. Linaumwa. Mleta hoja aendelee."

Wifi akajiweka sawa kitini. "Mimi sitaki makuu. Gari lije kwangu. Nina banda uani, halina kitu. Liwekwe pale, lifunikwe shuka, lisiendeshwe na mtu. Likapumzike."

"Na keki zangu?" nikauliza.

"Wifi, keki ni mambo ya sukari. Haya ni mambo ya damu."

"Nitazibeba kichwani?"

"Watu wanabeba vingi kichwani."

Nikamtazama Mwenyekiti. Hakunitazama, alikuwa anapuliza chai.

Msomaji, elewa nilivyobanwa. Keki ya ghorofa tatu haipandi pikipiki. Nilijaribu, na wasomaji wa mwanzo wanamkumbuka yule mbwa aliyeilamba ilipoanguka. Gari likiondoka, kazi imeondoka, na lile jiko nililolianza kwa machozi nitakuwa napikia uji wa mtu mmoja. Isitoshe, Jumamosi nilikuwa na keki ya muuguzi mkuu wa hospitali ya wilaya, mwanamke aliyengoja kuolewa muda mrefu na hakuwa tayari kungojeshwa tena na mtu yeyote, hasa mwoka keki.

"Naomba niseme," nikasema.

"Sema kupitia kiti."

"Gari halina mtu ndani. Lina ubovu. Ubovu una fundi."

"Fundi si ulishampelekea?" wifi akadakia. "Akabadilisha mkanda. Kilio kile cha wiii kikaisha, kikohozi kikabaki. Mkanda ulikuwa wa gari. Kikohozi ni cha mwenyewe."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Nikajua uamuzi umeiva.

"Kikao kinaamua hivi. Jumamosi tutapanda sote watatu gari hilo, na keki ndani, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa mpaka mwisho. Likikohoa, linakwenda kwa dada. Lisipokohoa, hoja imefungwa na haitafunguliwa tena. Kuna anayepinga?"

"Mimi," nikasema.

"Imepita."

Wifi alipofika mlangoni akageuka. Akagusa sikio lake la kushoto kama anavyofanya kila akiaga nyumbani kwangu.

"Na ile nyingine, wifi, nimemwachia Mungu."

Ile nyingine ni hereni. Mama mkwe alipofariki alimwachia wifi hereni mbili za dhahabu, zenye umbo la jani. Usiku wa mazishi wifi alilala kwetu, asubuhi akaamka na hereni moja. Tulitafuta chini ya vitanda, tukakung'uta mashuka, tukachekecha mpaka takataka. Hakuwahi kusema nimeiba. Hata siku moja. Ila tangu siku ile, akilala kwangu, pochi inalala chini ya mto wake. Na sikio la kulia anavaa ile ya dhahabu, la kushoto anavaa ya bati, ili watu waulize.

Na watu huuliza. Na yeye huwaambia ilipopotelea.

* * *

Kesho yake nikaenda kwa Fundi Bisbisi.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya bisbisi yake ndefu. Anaweka ncha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Husema injini haijui kumdanganya.

Akafungua boneti. Akaniambia niwashe injini, niwashe kiyoyozi, nishuke. Nikashuka. Akainama.

"Hapa pazima," akasema. Akahamisha bisbisi. "Hapa pazima. Kompresa nzima. Mkanda mpya, niliuweka mwenyewe." Akasimama wima. "Mama Keki, gari hili lina afya kunishinda mimi."

"Linakohoa, fundi."

"Silisikii."

"Kwa sababu limekuona."

"Haya. Kohoa wewe nisikie."

"Mimi?"

"Gari limekataa, na mimi siwezi kutibu nisichokijua. Kohoa."

Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na wateja wameketi kwenye matairi. Mimi ni mtu wa maombi, naongoza kina mama wenzangu kila Jumatano, nina heshima zangu. Nikafunika mdomo kwa kitambaa.

"Kwehe-kwehe-kwehe," nikasema. "Kimya. Kwehe."

Mzee mmoja akanyanyuka na kunipa kikombe cha maji. "Pole mama. Vumbi la hapa ni baya."

"Si yeye," Fundi akamwambia. "Ni gari lake."

"Gari ndilo limemwambukiza?"

"Kompresa mbovu hailii hivyo," Fundi akaendelea. "Inalia hivi: grrrk, grrrk."

"La kwangu linafanya tiki-tiki-tiki nikikata kona," akasema mteja wa kwanza kwenye matairi.

"Hiyo ni joint. Na kama inafanya du-du-du ni bushi."

"La kwangu ni fiii," akasema mwingine, "halafu linanyamaza kama limekumbuka kitu."

Muda si muda garaji nzima ilikuwa inalia, huyu grrrk, yule fiii, mimi katikati nimeshika kikombe cha watu na nakohoa kwa mifano. Anayepita barabarani angedhani ni zizi lililocheleweshewa majani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mume wangu aondoke.

Lakini nilirudi nyumbani na gari lile lile. Na nilipokata kona ya kwetu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, likakohoa taratibu, kama mtu aliyekuwa amejizuia mbele ya wageni.

* * *

Alhamisi nilipeleka keki ndogo ya kuzaliwa kwa mama mmoja mwenye geti jeusi. Akaniambia kwa simu, "Ningoje dakika moja, natafuta funguo." Dakika ya mwanamke anayetafuta funguo mnaijua.

Nikazima injini. Nikaona keki itateseka, basi nikarudisha ufunguo nusu, ile nusu ya kuwasha redio, ili angalau feni ipulize. Nikaizungusha mpaka mwisho.

Kwehe-kwehe-kwehe.

Nikautazama ufunguo.

Injini ilikuwa imezimwa. Gari lilikuwa kimya kama jiwe. Na kikohozi hiki hapa, karibu yangu, upande wa kiti cha abiria.

Kwehe.

Nilifumba macho. Nilianza sala, nikaiacha katikati, nikaanza nyingine. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, "Baba watoto. Ni wewe?"

Kwehe-kwehe.

"Kama ni kiyoyozi, nisamehe. Ni kwa ajili ya keki."

Kwehe-kwehe-kwehe-kwehe.

Nilinyoosha mkono nikapunguza feni kidogo. Kikohozi kikapungua. Nikapunguza tena. Kikabaki kimoja kimoja. Nikaizima. Kimya.

Nikaiwasha. Kikaanza.

Nikaizima. Kikanyamaza.

Nikafumbua macho yote mawili. Mimi niliishi na yule bwana tangu nikiwa binti. Tulipendana, tuligombana, tulipatana. Na katika maisha yale yote hakuwahi hata mara moja kunyamaza kwa kuzungushiwa kidude.

"Huyu siye," nikasema.

Mama wa geti jeusi alikuwa amesimama dirishani, ufunguo mkononi. "Unaongea na nani?"

"Na feni," nikamjibu. "Chukua keki yako, mama. Mungu ambariki mtoto."

Sikungoja afunge geti, nikampigia Fundi.

"Fundi, kikohozi hakimo kwenye injini. Kimo huku ndani, mbele ya magoti ya abiria. Kwenye feni."

"Mama Keki," akasema polepole, "mimi siku ile nilikuwa nimesimama nje."

"Na bisbisi sikioni."

"Na bisbisi sikioni." Akaanza kucheka. "Na wote tulikuwa nje. Hata wewe nilikushusha. Lete gari."

Alifungua kile kidroo cha mbele ya abiria, tunamoweka miwani na vikorokoro, akakichomoa chote. Kwa nyuma kilikuwa na ufa ambao mkono wangu haukuwahi kuufikia. Akalala chali sakafuni mwa gari, miguu ikabaki nje, akafungua feni, kitu cha duara kama kikapu kidogo. Akatoka nayo, akaitikisa juu ya kiganja.

Yakaanguka majani makavu. Likaanguka ganda la karanga. Kisha kikaanguka kitu kizito kidogo, kikang'aa.

"Mgonjwa wako huyu hapa," akasema.

Ilikuwa hereni ya dhahabu. Umbo la jani.

Niliketi kwenye tairi kabla sijaambiwa karibu.

Nikaikumbuka siku ile ya kumzika mama mkwe kama naiona. Tunatoka makaburini, mume wangu anaendesha, wifi amekaa mbele, analia mpaka masikio yamevimba. Anazivua hereni, anafungua kidroo, anazitupia humo ndani. Tulipofika aliingiza mkono gizani, akashika alichokishika akidhani ni zote mbili, akashuka. Ya pili ilikuwa tayari imeteleza kwenye ufa, ikalala ndani ya feni ambayo mume wangu hakuiwasha mpaka anakufa.

Kwa hiyo kile wifi alichokiita kikohozi cha kaka yake kilikuwa dhahabu yake mwenyewe, inazungushwa.

Sasa hapa nisijipake manukato. Nilimshukuru Mungu, ndiyo, lakini nilimshukuru meno yote yakiwa nje. Niliona picha nzima kichwani. Gari limepita bila kukohoa, hoja imefungwa, na mimi naweka hereni mezani mbele ya Mwenyekiti, bila neno, kama mtu anayeweka kijiko. Nilimwona wifi anavyogeuka rangi. Usiku ule niliisema sala yangu na katikati ya sala nikajikuta nafanya mazoezi ya sentensi: "Wifi, na ile nyingine, Mungu ameirudisha."

Niliifunga hereni kwenye ncha ya kitambaa changu cheupe cha mkononi, fundo dogo la kukaza. Nikasubiri Jumamosi kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

* * *

Jumamosi jua liliwaka kama limelipwa.

Keki ya muuguzi mkuu tuliiweka kiti cha nyuma, Mwenyekiti pembeni yake, ameikumbatia kwa mkono mmoja. Wifi akakaa mbele. Alikuwa amevaa gauni la kwenda ibadani na hakunisalimia kwa maneno, kwa kichwa tu. Kitambaa changu kilikuwa mapajani.

"Kikao kimeanza," Mwenyekiti akasema. "Washa."

Nikawasha.

"Zidisha."

Nikazidisha.

"Mpaka mwisho."

Nikazungusha mpaka mwisho. Hewa ikatoka baridi, safi, laini kama shuka iliyoanikwa. Hakuna sauti nyingine yoyote.

Tukapita sokoni. Kimya. Tukapita kwenye matuta ya shule. Kimya. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea matundu ya hewa, hapepesi.

Kwehe.

Wifi akashika mlango.

"Huyo ni mimi," Mwenyekiti akasema. "Baridi imenipata. Isiingie kwenye kumbukumbu."

Tukaendelea. Tukapita hospitali, tukapita kituo cha mafuta, tukaingia uwanja wa ukumbi wa harusi. Nikasimamisha gari kwenye kivuli cha ukuta, nikaacha kiyoyozi kinapuliza. Kimya kizima, cha kumtosha kila mtu.

"Basi," Mwenyekiti akasema. Sukari ilikuwa imemjaa kiwiko kizima na alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Hoja imefungwa. Gari ni la shemeji, ataliendesha anavyotaka, na ukoo hauna neno. Dada, umesikia?"

Nikashika kitambaa. Sentensi yangu ilikuwa ulimini, imeiva. Nikageuka.

Wifi alikuwa amesogeza sikio kwenye matundu ya hewa, lile sikio la bati. Akagonga dashibodi kwa kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi chumbani kwa mgonjwa.

"Kaka," akasema.

Hewa ikapuliza tu.

"Wifi, umemfanya nini?"

"Nimempeleka kwa fundi."

"Amenyamaza."

"Amepona, wifi."

"Hajapona. Mimi namjua akipona." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, mwanamke ambaye sijapata kumwona hata sketi imejikunja. "Sisi tulilala chumba kimoja tangu tukiwa wadogo. Kile kifua alizaliwa nacho. Wenzangu walikuwa wakilalamika hawalali kwa kikohozi chake. Mimi nilikuwa silali mpaka nikisikie. Nikikisikia, najua yupo, nageukia ukutani, nalala."

Nyuma yetu Mwenyekiti alikuwa ameacha kufuta kiwiko.

"Mwezi wake wa mwisho sikuwepo," wifi akasema. "Nyinyi mlimsikia. Mimi nilifika amekwisha nyamaza. Sasa siku ile umenipakia na keki, ukawasha hiki kitu, nikamsikia." Akanitazama. "Ulidhani kwa nini kila ukienda kupeleka keki nataka lifti? Mimi nina safari gani huku?"

Kwa kweli nilikuwa nimejiuliza. Nilidhani anachunguza kazi yangu.

"Lakini ulishuka kwenye foleni. Ulisema huwezi."

"Siku ile alikohoa sana. Niliona tunamtesa." Akavuta pumzi. "Likija kwangu nisingeliacha chini ya shuka, wifi. Nilisema vile kwa sababu ya watu. Ningekaa ndani jioni moja moja. Nawasha kidogo tu. Asichoke."

Msomaji, sentensi yangu yote ilikufa mdomoni.

Ndani ya kitambaa kile nilikuwa na kitu kinachonisafisha mimi mbele ya ukoo mzima, baada ya miaka ya pochi chini ya mto. Nikikitoa, namrudishia hereni ya mama yake na kumnyang'anya kaka yake kwa mkono ule ule. Nisipokitoa, nitakuwa kweli yule mwanamke anayemfikiria, mwanamke aliyekaa na hereni yake.

Niliomba. Sala fupi, haikuwa hata na amina. Nilisema, Mungu wangu, nionyeshe, na usichelewe, keki ya watu iko nyuma.

Mungu hujibu kwa namna zake. Safari hii alimtumia Mwenyekiti.

"Shemeji," akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kikao hata kidogo, "mpe dada kitambaa ajifute." Na kabla sijafungua mdomo, mkono wake wenye sukari ulipita katikati ya viti, ukanyakua kitambaa mapajani mwangu, ukampa.

Wifi akakipokea. Akafuta jicho moja. Akafuta la pili, na fundo likamgusa shavuni.

Akasita.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, muuguzi mkuu mwenyewe akatokea na shela yake, amejishika kiuno, anatazama gari. Watu wawili wakaanza kuja mbio na meza ya magurudumu.

"Jamani," Mwenyekiti akasema, "kuna anayeshika hii keki au niendelee nayo mimi?"

Wifi alikuwa ameliweka fundo kati ya vidole viwili, analipapasa kupitia kitambaa, upande huu, upande huu, kama mtu anayesoma gizani.

"Wifi," akasema, "umefunga nini humu?"

"Wifi yangu," nikasema, "kabla hujafungua, niulize kwanza nimeitoa wapi."

Hakuniuliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, mpaka kwenye sikio la bati. Wa kulia tayari ulikuwa umeanza kulegeza fundo.